Geji ya joto la oili inasoma vitu vya ajabu: ni oili au ni waya?

Watu wengi wenye Subaru za tabo, Forester SG5, Impreza WRX, Legacy, wamefunga geji ya joto la oili juu ya dashibodi au kwenye nguzo ya kioo cha mbele, na ni jambo zuri kabisa manake gari ilivyotoka kiwandani inakuonyesha joto la maji tu, habari ya oili hupewi. Shida inaanza siku mshale ukikaa vibaya. Mmoja anaona digrii 135 anasimama katikati ya mlima na kuzima gari ghafla, mwingine anaona 140 anasema hizi geji za bei rahisi hizi, anaendelea kukanyaga mpaka beringi za krankshafti zinaanza kugonga. Wote wameruka swali la kwanza, je oili ndo imechemka au geji ndo inadanganya?

Kabla hujafungua kitu chochote angalia mshale unavyotembea. EJ20, injini ya nyingi ya Subaru hizi, inabeba oili lita nne na kitu, na oili yote hiyo haiwezi kupanda digrii 30 ndani ya sekunde moja, hata ukanyage vipi. Oili ikipata moto kweli inapanda taratibu, unaona 105, baada ya muda 108, baadae 112, na ikishuka inashuka hivohivo. Ukiona mshale uko 95 afu ghafla 130 afu umerudi 95 hapo usihangaike na oili, hangaika na umeme.

Kama una geji ya presha ya oili pia umebarikiwa, sababu hizo mbili zinaenda pamoja. Oili ikiwa ya moto inakuwa nyepesi na presha ya sailensa, yani gari ikiwa imewaka bila kukanyagwa, inashuka. Sasa kama joto linasema 135 lakini presha ya sailensa ni ileile unayoiona siku zote ukiwa na 95, geji ya joto inadanganya. Na kama joto liko juu na presha imeshuka chini ya ulivyozoea, amini, gari inakuambia ukweli.

Namba za kushika kichwani ni hizi. Maji yanakaa kwenye 85 mpaka 95 hivi. Oili kwenye safari ya kawaida 90 mpaka 110. Kufika 120 ukiwa unapanda mlima mchana wa jua na gari imejaa watu na mizigo sio ajabu. Ikigusa 130 punguza mguu, na 140 sio namba ya kuvumilia hata kama kwenye kopo wameandika oili ni sintetiki. Kadri joto linavyozidi ndo oili inavyochakaa haraka, na kwa makadirio ya watu wa oili, ikishakuwa kwenye joto kubwa kila digrii 10 za kuongezeka zinakata maisha yake karibu nusu.

Jinsi sensa inavyofikiri

Sensa nyingi za joto la oili zina kipande kidogo ndani ambacho ukinzani wake, yani kinavyouzuia umeme kupita, unashuka joto likipanda. Baridi, ukinzani mkubwa. Moto, ukinzani mdogo. Shika hilo tu na nusu ya kazi umemaliza, sababu waya ikikatika geji inaona ukinzani mkubwa kupita kiasi, inadhani kuna baridi kali, mshale unalala chini. Waya ikichubuka ikagusa bodi geji inaona hakuna ukinzani kabisa, mshale unapanda mpaka mwisho.

Mshale umelala chini haunyanyuki

Kwanza taa ya geji inawaka? Isipowaka nenda kwenye fyuzi na waya za umeme, usipoteze muda chini ya gari. Kama inawaka na mshale umelala, chomoa soketi ya sensa, weka swichi on bila kuwasha injini, afu kwa sekunde moja tu gusisha waya ya sensa kwenye bodi. Kama sensa yako ni ya waya mbili unganisha yale matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya. Mshale ukipanda, geji nzima na waya nzima, sensa ndo imekufa. Usipopanda, shida iko kwenye waya au geji yenyewe, rudi nyuma kidogokidogo ukipima kila kiungo mpaka ufike nyuma ya geji.

Jaribio hilo ni kwa geji za kawaida za mshale. Zile za digitali zenye kiboksi chake cha kati soma kwanza karatasi iliyokuja nayo, nyingine hazipandi, zinatoa alama ya kosa kwenye skrini.

Ukiwa na maltimita, kile kifaa cha kupima umeme, ni rahisi zaidi. Pima ukinzani wa sensa asubuhi gari ikiwa ya baridi, andika namba, pima tena baada ya safari. Namba lazima ishuke sana. Isiposhuka, au maltimita isiposoma chochote, tupa hiyo sensa.

Mshale umepanda mpaka mwisho na haurudi

Kwenye injini za EJ filta ya oili iko chini, na mabomba ya ekzosi yanapita karibu kabisa kuizunguka. Mtu akifunga sandwichi pleti, ile sahani inayobanwa kati ya filta na injini, pale kwenye filta na kuchomeka sensa, waya inatoka katikati ya moto. Fundi akiivuta tu bila kuifunga vizuri inalegea, inalalia ekzosi, plastiki inayeyuka na shaba inagusa chuma, bas geji inasoma 150 hata kabla hujawasha gari. Hiyo ni dalili nzuri sana kwa kweli, gari imelala usiku kucha na geji inasema 150, hapo huhitaji kifaa chochote kujua kuna shoti.

Chomoa sensa. Mshale ukishuka, shoti iko ndani ya sensa. Ukibaki juu, waya inagusa mahali, ifuate kuanzia chini mpaka inapoingia ndani ya gari. Sehemu mbili za kutazama kwanza ni pale karibu na ekzosi na pale waya inapopenya ukuta wa injini kuingia kwenye dashibodi, mafundi wengi wanatoboa tundu na kupitisha waya bila mpira wa kukinga, makali ya bati yanaikata taratibu kila gari inapotikisika. Ukifunga upya ivishe waya soksi ya kuzuia moto, ipitishe upande wa mbele mbali na ekzosi na tabo, na ifunge kila baada ya kipande kidogo ili isining'inie.

Mshale unarukaruka

Hapa ndo watu wanapoteza hela, wanabadilisha sensa, wanabadilisha geji, na shida iko kwenye athi, yani ile waya ya hasi inayoenda bodi.

Jaribu hivi. Gari ikiwa imewaka imesimama na mshale umetulia, washa taa kubwa. Washa feni ya AC. Washa waipa. Piga indiketa. Kama mshale unacheza ukiwasha kitu, hakuna haja ya kujadili joto, oili haijui kama umewasha indiketa. Muulize fundi chanya alichukua wapi na hasi ameifunga wapi. Mara nyingi unakuta chanya imetoka kwenye redio au kwenye waya ya mwanga wa dashibodi, afu hasi imebanwa kwenye skrubu ya plastiki au kwenye bati lenye rangi. Hiyo waya ya mwanga wa dashibodi ni mbaya kuliko zote, kuna gari geji haiwaki mpaka uwashe taa, na ukipunguza mwanga wa dashibodi geji nayo inachanganyikiwa.

Kupima athi ni kazi ndogo. Gari iwe imewaka na taa zote zimewashwa, weka maltimita kwenye volti za DC, mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya ya hasi ya geji. Inatakiwa usome karibu na sifuri. Ikivuka 0.1 hivi tafuta sehemu nyingine ya kufunga, kwangua rangi mpaka uone chuma, weka bolti yenye kichwa cha pete na ipake grisi kidogo. Magari yaliyoishi Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, kote kwenye chumvi ya bahari, athi ni ya kuishuku kabla ya kitu kingine, ile waya nene ya kutoka injini kwenda bodi unaweza kuikuta imekuwa ya kijani ndani na juu inaonekana nzima.

Sensa ya waya moja ina jambo lake. Hiyo inatumia mwili wake na nyuzi zake kama hasi, umeme unapita kwenye sandwichi pleti, unaingia kwenye injini, unarudi betri. Sasa fundi akiizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tano sita ili isivuje, unakuta ameikata sensa na injini. Inasoma chini ya ukweli, au inaruka, au haisomi kabisa. Kujua kama ndo hiyo, chukua waya, unganisha mwili wa sensa na hasi ya betri moja kwa moja. Mshale ukitulia umepata mchawi. Toa tepu, tumia gundi kidogo ya kuzibia nyuzi na usipake nyuzi za mwisho kabisa za mbele.

Mshale umetulia ila namba haziingii akilini

Hili ndo gumu, sababu geji haionyeshi dalili ya kuumwa. Inapanda vizuri, inashuka vizuri, ila inasema 75 wakati umeendesha masaa mawili, au 125 wakati umezunguka mtaani tu.

Sababu inayoongoza ni sensa na geji zisizojuana. Sensa ya kwanza ilikufa, mtu akaenda dukani akapewa sensa yenye nyuzi zinazoingia, akafunga. Kuingia sio kufanana. Kila kampuni ina mstari wake wa ukinzani na joto, sensa ya VDO kwenye geji ya Defi itakupa namba, tena namba iliyotulia, lakini sio joto la oili yako. Nunua sensa ya geji hiyohiyo, hata kama ni ghali na unaisubiri wiki kadhaa.

Na kupima ukweli wa geji huhitaji maabara, chemsha maji. Toa sensa, iunganishe na waya zake kwa kiungio kirefu, kama ni ya waya moja funga waya nyingine kutoka mwili wake kwenda bodi, washa swichi bila injini, itumbukize sehemu ya mbele ya sensa kwenye sufuria inayochemka kwelikweli na isiguse chini ya sufuria. Subiri mshale utulie. Ila angalia uko wapi, manake maji hayachemki kwenye 100 kila mahali. Dar, Tanga na Mombasa ni 100. Arusha ni kama 95. Nairobi na Mbeya ni kama 94. Mtu wa Nairobi akiona geji inasema 94 kwenye maji yanayochemka, geji yake iko sawa kabisa na asiirudishe dukani. Ikitofautiana digrii mbili tatu vumilia, ikitofautiana 10 tafuta sababu.

Geji ikipita mtihani wa maji na bado ndani ya gari namba ni za ajabu, tazama sensa imekaa wapi. Iliyo kwenye bolti ya kumwagia oili inasoma oili ya kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, na inapigwa na upepo wa chini ya gari. Iliyo kwenye sandwichi pleti inasoma oili inayopita kwenye filta, na kwenye EJ nyingi za tabo kuna kipoza oili cha maji kati ya injini na filta, kwa hiyo namba inavutwa kuelekea joto la maji. Gari ileile siku ileile sehemu hizo mbili zinaweza kutofautiana digrii 10 na zote zikawa za kweli. Ndo maana kulinganisha geji yako na ya rafiki yako hakuna faida kubwa kama hamjafunga sehemu moja. Linganisha na gari yako mwenyewe ya mwezi uliopita.

Pia wapo waliofunga adapta juu ya adapta mpaka ncha ya sensa haifiki kwenye oili inayotembea, imekaa kwenye kishimo chenye oili iliyosimama. Hiyo inasoma chini na inachelewa sana. Ncha lazima iogelee kwenye mkondo.

Joto halipandi, linagota 70

Kuna watu wanafurahi wakiona hivi. Usifurahi. Oili ya baridi siku zote haichomi unyevu na petroli vinavyoingia ndani yake, na gari inayofanya safari fupi za foleni tu, nyumbani Tabata mpaka Kariakoo na kurudi, unaweza kufungua kifuniko cha oili ukakuta ute mweupe umeganda. Wengine wanakimbilia kusema gasketi ya silinda hedi imekwenda wakati ni unyevu tu haujapata joto la kuutoa. Pima kiwango cha kulanti, yani maji ya rejeta, kama hakipungui, peleka gari safari ndefu kidogo ya barabara kuu afu angalia tena.

Ujue pia oili inachelewa kuliko maji. Maji yanaweza kufika 88 kwa dakika tano sita na oili bado iko 55, oili kuchukua dakika 15 kupata moto ni kawaida kabisa, kwa hiyo usianze kuvuta tabo kwa sababu tu geji ya maji imekaa katikati.

Lakini kama umeendesha saa nzima na oili haijavuka 70, muulize aliyekuuzia gari, au fundi wako, kama themostati ipo. Huku kwetu kutoa themostati kumekuwa dawa ya kila gari inayochemsha, inatolewa na kutupwa na mteja anaambiwa huku ni nchi za joto haihitajiki. Inahitajika sana! Ikitolewa maji yanapita kwenye rejeta muda wote hata injini ikiwa ya baridi, kompyuta inaona injini haijapata moto inaendelea kumwaga petroli nyingi, petroli inaingia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, beringi zinaliwa. Chukua skana ndogo ya OBD, ile inayochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari, soma joto la maji ukiwa barabarani kwa mwendo wa 80 au 100. Likishuka mpaka 70 au chini, themostati haipo au imekwama wazi. Rudisha mpya, afu tafuta kwanini gari ilikuwa inachemsha.

Sababu nyingine ni kipoza oili cha nje kilichofungwa bila themostati yake. Ukikaa Njombe au Makete, au Nairobi mwezi wa saba, oili itakuwa ya baridi mpaka saa sita mchana. Weka sandwichi pleti yenye themostati, ndo imetengenezwa kwa kazi hiyo.

Joto linapanda na ni kweli

Umeshajiridhisha geji nzima. Uko unapanda mlima Kitonga nyuma ya malori mawili ya kontena, mwendo wa 20, AC inawaka, oili 122, 126, 130. Zima AC, punguza mguu, acha nafasi kati yako na lori lililo mbele upate hewa, fungua hita ya ndani kwa moto wote hata kama mtateseka, maji yakipoa kidogo na kipoza oili kinapata nafuu. Ukipata sehemu salama simama lakini usizime hapohapo, iache isailensi dakika kadhaa, tabo inahitaji oili itembee. Ila taa nyekundu ya oili ikiwaka au presha ikidondoka, zima wakati huohuo, hiyo ni dharura nyingine kabisa na kusubiri kunaua injini.

Ukishafika tafuta chanzo kwa kuanzia kilicho rahisi. Kiwango cha oili kwanza, gari ikiwa sehemu tambarare na imepumzika, sababu EJ zilizochoka zinakula oili na lita mbili na nusu zikifanya kazi ya lita nne lazima zichemke. Kujaza kupita kiasi nako ni kosa, krankshafti inaipiga oili inakuwa povu na povu halipozi kitu. Afu aina ya oili na ulikoinunua, oili feki zipo nyingi, kopo zuri na sili yake na ndani ni uchafu, kama joto lilianza kupanda baada ya kumwaga oili ya mwisho usitafute mbali.

Halafu rejeta. Angalia katikati ya rejeta na ile ya AC, pale panajaa vumbi, majani na wadudu na kwa nje huoni, mpaka ulegeze feni na kumulika tochi. Feni zote mbili zinazunguka? Ile sahani ya plastiki ya chini ipo au iling'olewa kwenye tuta? Inaongoza hewa, haikuwekwa kwa urembo. Kama kuna mtu ameongeza presha ya tabo, au gari inakosa petroli ya kutosha kwenye mzigo, joto linatoka huko na kipoza kikubwa hakitakusaidia mpaka hilo lirekebishwe.

Oili inavuja baada ya kufunga

Hili nimeliweka mwisho ila ndo linaweza kuchoma gari, oili ya presha juu ya ekzosi ya moto sio mchezo. Nyuzi za filta za EJ ni M20x1.5, yani unene milimita 20. Toyota nyingi ni 3/4-16, ambayo ni milimita 19 na kidogo. Sandwichi pleti ya Toyota kwenye Subaru inaweza kuingia ikaonekana imeshika, na haijashika. Nyuzi ndogo za sensa nazo ni hivohivo, 1/8 NPT, yani ya Kimarekani, ina nyuzi 27 kwa inchi, ya Kijapani na Kiingereza ya 1/8 ina 28, zinaanza kuingia vizuri afu zinabana, fundi anaongeza nguvu na pleti ya aluminiamu inapasuka nywele ambayo huioni mpaka oili ipate moto.

Wakati wa kufunga hakikisha mpira wa filta ya zamani haujabaki umeganda kwenye injini, mipira miwili juu ya mwingine inashikilia kwa siku kadhaa afu inatapika oili yote kwa mara moja. Paka oili mpira mpya, kaza pleti kwa kipimo chake, washa gari ikiwa imenyanyuliwa na mtu awe chini na tochi, ipate moto mpaka 90, zima, kagua. Kesho yake asubuhi weka karatasi chini ya gari kabla hujaondoka, na baada ya safari ya kwanza ndefu kagua tena na kuongeza oili kidogo, manake pleti na filta vimemeza yao.